Mnapanda daladala moja kila siku na hamjawahi kusalimiana: utaanzaje?

Ujumbe ulitufikia studio usiku mmoja kutoka kwa kijana anayeishi Kiromo na kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunju. Kila asubuhi hupanda gari la Bagamoyo–Makumbusho. Likifika Kerege hupanda dada mmoja, na kijana huyo anasema tangu amwone mara ya kwanza hajawahi kupitisha siku bila kumfikiria. Miezi minne sasa. Anajua dada anashukia Tegeta, anajua hupenda kukaa dirishani akipata nafasi, anajua anavyocheka konda akianza utani wake. Jina halijui. Hajawahi kumwambia hata "habari za asubuhi".

Tulidhani atauliza aanze vipi. Hakuuliza hilo. Alisema rafiki yake anafahamiana na wakala wa fedha za simu hapo Kerege, ambaye dada huyo hutoa pesa kwake, na namba yake imo kwenye daftari la wakala. Je, aichukue?

Tulimjibu hewani kwa kifupi kwamba asiichukue. Wasikilizaji wakagawanyika. Wapo waliotukumbusha kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame, wakasema siku hizi bila namba huna chako. Wapo pia kina dada waliotuandikia kwamba wamewahi kupigiwa simu usiku na sauti wasiyoijua ikiwaita kwa majina yao kamili. Mabishano hayo hayakutosha kwenye dakika za kipindi, kwa hiyo tunayaendeleza hapa.

Kwanza, kinachotokea ndani ya gari

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokiona mara nyingi, hata kama hawajui lolote kukihusu. Sura unayokutana nayo kila asubuhi inazoeleka, na mazoea hayo moyo huyapokea kama ufahamu. Ndiyo maana kijana wetu anaongea kuhusu dada wa Kerege kama mtu anayemjua. Ukimhesabia vizuri utakuta anajua kituo cha kupandia, kituo cha kushukia na kicheko. Yaliyobaki ameyajaza mwenyewe.

Upande wa pili hali si hiyo. Yeye ana miezi minne ya kumtazama mwenzake, na mwenzake huenda hajawahi kumwona kabisa. Alikuwa anaangalia simu, anawaza kodi ya nyumba, anasinzia. Siku utakapofungua mdomo, kwako ni mwisho wa safari ndefu, kwake ni mtu mgeni ameanza kuongea. Mwanamume anayesahau tofauti hiyo ndiye anayeanza na maneno mazito, "nakupenda, sijalala", halafu anashangaa kuona mwenzake anaogopa.

Kuna kosa jingine ambalo limepimwa. Mwaka 1982 mtafiti Antonia Abbey, pia wa Marekani, aliwaweka wanaume na wanawake waongee wawili wawili huku wengine wakiwatazama. Wanaume, walioongea na waliotazama, waliona dalili za mvuto wa kimapenzi kwa mwanamke kuliko wanawake walivyoona. Ukarimu wa kawaida waliusoma kuwa mwaliko. Nenda soko la samaki la Bagamoyo jioni ukaone. Dada anayekaanga samaki anamchekea kila anayesimama mbele ya karai lake, kwa sababu ni mteja na samaki lazima waishe kabla ya giza. Kati ya wateja kumi, hatutashangaa kama wawili wanarudi nyumbani wakiamini wamependwa.

Hata hivyo woga wa kusema na mtu usiyemjua mara nyingi ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya na abiria wa treni na mabasi eneo la Chicago. Abiria walikadiria kwamba kuongea na mgeni kutaharibu safari yao, lakini walioombwa kuongea walimaliza safari wakiwa wamefurahi zaidi kuliko walioombwa kukaa kimya. Sisi tunaongeza tahadhari moja: treni ya Chicago si daladala la Makumbusho saa kumi na mbili jioni, watu wamesimama mpaka mlangoni na mkono wa mtu uko begani kwako. Mwanamke aliyebanwa mahali ambapo hawezi kusogea hayuko kwenye mazungumzo. Yuko mtegoni, hata kama maneno yako ni ya asali.

Hodi na mshenga

Watu wa Pwani wana kipimo cha zamani cha jambo hili, nacho ni hodi. Ukifika nyumba ya watu, iwe Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Kaole au Mlingotini, unasimama nje na kupiga hodi. Ukiitikiwa "karibu" unaingia. Usipoitikiwa unapiga ya pili, kisha ya tatu. Baada ya hapo unaondoka, na hukuvunjiwa heshima. Pengine mwenyeji yumo ndani na amekusikia vizuri, ila hataki mgeni leo. Adabu hiyo inatokana na mafundisho ya Kiislamu ya kuomba idhini kabla ya kuingia, lakini leo kila mtu wa Pwani anaifuata, awe Mwislamu au Mkristo.

Kwenye mapenzi, aliyepiga hodi kwa niaba yako alikuwa mshenga. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kuwa mwali na kufundwa na kungwi, na siku ya kutolewa ndipo watu walipomwona akichezewa ngoma. Kijana aliyevutiwa naye hakumfuata njiani. Alikwenda kwa shangazi yake au kwa mjomba, nao wakatafuta mtu mzima mwenye ulimi wa heshima. Huyo ndiye aliyepeleka barua ya posa, aghalabu ikiwa imefungwa kwenye leso pamoja na fedha kidogo, akanywa kahawa, akaondoka bila jibu. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Likiwa la kukataa, lilikuja limevikwa nguo: binti bado mdogo, ameshaposwa kwingine, tunamsubiri baba yake mkubwa arudi safari. Kila mtu alielewa. Kijana hakuaibika mbele ya umati, na binti hakulazimika kumkataa uso kwa uso.

Mengi ya desturi hizi tunayasoma leo kwa sababu mtu wa Bagamoyo aliyaandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Ujerumani akafundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, na sehemu kubwa ya kitabu "Desturi za Wasuaheli", kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ilitoka kwake. Humo mna habari za kuzaliwa, za jando na unyago, za posa na harusi, mpaka za mazishi. Mwandishi huyo wa desturi za posa alioa huko huko Ujerumani mwaka 1904, mke Mjerumani, mbali na washenga na wazee wa kwao. Mwaka uliofuata walitaka kuja kuishi huku. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani haikukubali Mwafrika na mke Mzungu wakae katika koloni lake, ikawarudisha. Mtoro akamalizia maisha yake Berlin, ambako alifariki mwaka 1927. Tumeacha njia kidogo, lakini habari yake inastahili kujulikana zaidi mjini kwake.

Turudi kwa mshenga. Hatusemi mambo ya zamani yarudi yalivyokuwa. Wasichana wengi waliozwa watu wasiowataka, wengine wakiwa watoto, na binti ndiye alikuwa wa mwisho kuulizwa kama aliulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wote wawili waridhie kwa hiari yao. Tunachokisifu ni kipande kimoja tu cha mpango ule: aliyeombwa alipewa muda, akapewa na njia ya kukataa bila vita. Ukimkabili mtu kituoni na kumdai jibu palepale, umemnyima vyote viwili.

Msimchanganye mshenga na kuwadi. Mshenga anajulikana, anaingia kwa mlango wa mbele na anasema katumwa na nani. Kuwadi anafanya kazi gizani, na mara nyingi kuna aliyemlipa. Rafiki anayekuletea namba ya mtu bila mwenyewe kujua hajawa mshenga hata chembe.

"Kunyamaza ni kukubali"

Msemo huu tumeupokea mara tatu kwenye ujumbe wa wasikilizaji, na wote watatu ni wanaume. Una asili yake. Katika mafundisho ya ndoa ya Kiislamu, msichana bikira anapoulizwa na walii wake kuhusu mchumba aliyeletwa, kunyamaza kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa ni ridhaa, kwa sababu huenda anaona haya kusema ndiyo mbele ya baba yake. Tazameni basi mazingira yake: yuko nyumbani kwao, anaulizwa na mtu wake, kuhusu jambo lililoelezwa waziwazi. Msemo huo haukutungwa kwa ajili ya mgeni anayemfuata dada kutoka kituo cha Kerege hadi mlangoni kwao. Dada anayenyamaza barabarani mara nyingi anahesabu hatua zilizobaki kufika penye watu.

Tena kwetu "hapana" kavu husikika kwa nadra. Watu wanaona ni ukali. Badala yake utasikia "tutaona", "nitakutafuta", "simu yangu mbovu", "inshallah". Au utaona anahamia kiti cha mbele. Anayesema "nina mtu wangu" huenda anaye, huenda hana. Dada mmoja alituandikia kwamba yeye huvaa pete aliyoinunua mwenyewe Kariakoo, kwa sababu akisema hataki anaulizwa kwa nini, lakini akisema ameolewa wanaomba radhi. Hapo wanaume tujiulize radhi ile tunamwomba nani, yeye au huyo mume wa pete ya Kariakoo.

Kuhusu daftari la wakala

Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, karibu kila mtaa una meza yenye mwavuli na daftari. Ndani yake kuna jina, namba ya simu, kiasi na mara nyingine sahihi. Hata bila daftari, ukiwa na namba ukaanza kutuma pesa, jina la mwenye laini hutokea kabla hujathibitisha. Kwa hiyo namba moja inakupa jina kamili, na jina kamili linakupa kurasa zake za mitandao. Ndani ya dakika tano mtu asiyekujua anakuwa amevuliwa nguo zote za ugeni, naye yuko kazini Tegeta hana habari.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa shughuli ile zilikokusanyiwa. Dada aliandika namba yake ili atoe pesa. Wakala anayeigawa kwa ajili ya mapenzi ya rafiki ya rafiki yake anajiingiza matatani. Lakini hata sheria isingekuwepo, fikirini namna simu hiyo itakavyopokelewa. Swali la kwanza la mtu yeyote ni "umeipata wapi namba yangu?" Ukisema kweli, ameshajua kwamba ulimzunguka. Ukidanganya, umeanza na uongo. Kwa salamu ambayo ungeweza kuitoa bure asubuhi hiyohiyo, hiyo ni gharama kubwa mno.

Sisi watu wa redio hatuwezi kujifanya wasafi sana hapa. Kwa miaka mingi kadi za salamu zilifanya kazi ya kuwasogeza watu. Msikilizaji alijaza kadi, akaorodhesha majina, na katikati ya shangazi na wajomba akamchomeka binti wa jirani ambaye hakuwahi kumsemesha. Mtangazaji alisoma majina yote kwa pumzi moja. Binti akisikia, angeweza kutabasamu au kusema hakuwa karibu na redio siku hiyo. Uzuri wa kadi ulikuwa kwamba haikumdai chochote. Kanga nayo ilikuwa na kazi yake, hasa kwa wanawake. Mwanamke anayempenda mtu na haoni pa kuanzia alichagua jina la kanga akapita nayo mbele ya baraza. Mwenye macho alisoma. Siku hizi tunasikia kina dada wengi wakisema wanaanza wenyewe, na hatuoni ubaya wowote. Shoga wa karibu bado anatumwa kuulizia kama kaka ana mtu.

Nauli

Njia maarufu kwenye magari yetu ni ile ya kumwambia konda "chukua na ya huyo dada". Inaonekana ya kiungwana. Shida ni kwamba hakuombwa, na sasa mbele ya abiria wote ana deni. Akishukuru, amefungua mlango ambao hakutaka kuufungua. Asiposhukuru, gari zima linasema anaringa. Kama mmeshafahamiana na mkaelewana, lipa utakavyo. Kwa mtu ambaye hujampa hata salamu, kaa na nauli yako.

Kabla ya salamu, sare

Kabla hatujafika kwenye maneno yenyewe kuna jambo ambalo halina mjadala. Asubuhi daladala zetu zina wanafunzi wengi, wengine wakubwa kwa umbo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na Kanuni ya Adhabu haitambui ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18. Ukiona sare, au ukiwa na shaka na umri, hapo hakuna cha kuanzisha. Kwa watu wazima pia, kumsumbua mtu kwa maneno au ishara za kimapenzi baada ya kuonyesha hataki ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na anayesumbuliwa anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Basi aseme nini?

Tulichomwambia kijana wa Kiromo baada ya kipindi ni hiki. Chagua asubuhi ambayo gari halijajaa, au mkiwa mnasubiri. Iwe mchana kweupe na watu wapo. Usizibe njia yake, simama pembeni kidogo ili akitaka kuondoka aondoke. Msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote wa rika lako: "Habari za asubuhi, dada." Usimwite mrembo wala mpenzi, jina hilo hujapewa. Akiitikia, mwambie wewe ni nani, kwa sababu mwenye kupiga hodi hujitaja: "Naitwa fulani, nashukia Bunju. Naona tunapanda gari moja kila siku, nikaona si vizuri kukaa bila kusalimiana." Halafu nyamaza. Siku hiyo yaishie hapo.

Wengi hawaliamini hilo la kuishia hapo. Wanaona kama nafasi imepotea. Lakini kesho gari lipo, na salamu ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza. Sasa na yeye ana kitu cha kuamulia: ameiona sura yako, amesikia sauti yako, ameona kwamba ulisalimia ukaacha. Akitaka kuongeza neno ataongeza. Wengine watauliza "leo mbona umechelewa?" na hapo mambo yameanza bila ndoano yoyote.

Zikipita siku mkazoeana, sema jambo lako waziwazi bila kuzunguka, kwa sababu kujifanya rafiki wa kawaida kwa miezi mingine minne nako ni kumficha mtu. Sentensi moja inatosha: "Ningependa tufahamiane zaidi ya hapa, kama na wewe utapenda. Kama hupendi, salamu zitabaki salamu." Mpe namba yako badala ya kumwomba yake. Mwenye namba ndiye mwenye uamuzi, na asipopiga hutakuwa na pa kumsumbua. Kisha ile ahadi ya salamu uitimize kweli. Wanaume kadhaa wakikataliwa hununa, wanamgeuzia mtu uso au wanaanza kumsema kwa konda. Gari ni lile lile, na dada wa watu anabaki kuchagua kati ya kukutana nawe au kuchelewa kazini kwa kusubiri gari linalofuata.

Kijana alitupigia tena wiki mbili baadaye. Alisema alitoa salamu siku ya Jumatano, karibu na Mapinga, baada ya kupitisha vituo vitatu akijiandaa. Dada aliitikia "salama", akamtazama, akarudi kwenye simu yake. Alhamisi akaitikia tena. Ijumaa hakuwamo kwenye gari. Jumatatu iliyofuata alipanda, akaanza yeye kusema "za wikendi?" na akaendelea hadi dirishani. Jina bado hajalijua. Tulimuuliza kama amekwenda kwa wakala, akacheka, akasema sasa ataulizaje daftari wakati mwenyewe yupo viti viwili mbele yake.